Hatua Iliyorukwa

Mama Kisu aliijua ile nyama kabla hajaiona. Alikuwa bado mlangoni mwa ukumbi wa kuning'inizia, buti za mpira miguuni, koti jeupe limefungwa mpaka shingoni, harufu ikamjia. Haikuwa harufu ya kuoza. Nyama iliyooza hata mpita njia anaitambua akaziba pua. Hii ilikuwa harufu ya damu iliyolala ndani ya mwili bila kutoka, nzito, yenye utamu wa kuchefua, kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chupa. Mate mepesi yakamjaa mdomoni, yale yanayotangulia matapishi. Akayameza, akamtaja Mungu, akaingia.

Jina hilo alipewa na wachinjaji kwa ajili ya kisu kifupi cha ukaguzi alichokivaa kiunoni, ambacho hakumwazima mtu hata kwa kukatia kamba. Yeye alikuwa mkaguzi wa nyama, kawekwa pale na serikali. Machinjio yenyewe yalikuwa ya watu binafsi. Tangu mumewe afariki, mambo yaliyomtoa kitandani alfajiri yalikuwa sala na ile foleni ya ng'ombe waliochunwa. Kila ng'ombe alimpitia kwa mpango uleule: kichwa, ulimi, mapafu, moyo, ini, wengu, figo. Hakuruka kiungo hata siku ya homa. Wachinjaji walimcheka, wakasema Mama Kisu hata mbinguni atamkagua malaika mbawa kwanza.

Leo hawakucheka. Mwisho wa reli, nyuma ya ng'ombe wazuri, walining'inia wawili ambao jana jioni hakuwaona zizini wakiwa wamesimama. Nyama yao ilikuwa nyeusi nyeusi. Mishipa ya mbavuni imejaa damu kama nyuzi za zambarau, na kila mmoja upande wake mmoja umevilia, ule aliokuwa ameulalia. Akasogea shingoni. Kisu kilipita, ndiyo, lakini kingo za jeraha zilikuwa kavu na safi; hazikunywa damu hata tone. Mtu alikuwa amechinja mizoga.

"Nani kaleta hawa?" aliuliza.

Wachinjaji wakatazama buti zao.

"Mama Kisu, sisi tunaning'iniza tu," mmoja akasema. "Tukiambiwa ning'iniza, tunaning'iniza."

"Na mimi nawaambia teremsheni."

"Mpaka Asali aseme."

Asali alikuwa msimamizi wa machinjio. Hakuna aliyekumbuka jina lake la kuzaliwa, maana mdomo wake ulikuwa mtamu hata akikufukuza kazi ulitoka ukimshukuru. Siku zote alinukia marashi, mengi, ya kufunika. Mama Kisu alikuwa haoni tofauti kati ya marashi yale na kitambaa kilichotupiwa juu ya tapishi.

Dawa ya bluu ya kupaka nyama mbovu ilikuwa imekwisha, na kila alipoiulizia Asali alijibu inakuja. Ilibaki njia moja. Mkaguzi akiingiza zuio kwenye mfumo wa makao makuu, mlinzi wa geti anapata ujumbe kwenye simu yake, na hapo hata Asali apige muhuri mpaka wino umkaukie, lori halitoki. Lakini mfumo ulikubali kuingiwa kutoka kompyuta ile moja ya ofisini tu, kwa laini ile moja. Na utaratibu, ambao Mama Kisu hakujua ulitungwa na nani, ulisema mtandao ukikatika mzigo usicheleweshwe: msimamizi anaweza kuupigia muhuri ukatoka.

Mzigo wa leo ulikuwa wa jiko la hospitali. Wagonjwa. Wazazi wenye vichanga. Wazee wasio na meno, wanaopewa mchuzi.

Akavua glavu, akaenda ofisini, akawasha kompyuta, akafungua ukurasa wa makao makuu. Skrini ikafikiri kidogo, kisha ikamwandikia kwamba ukurasa haufikiki.

"Mtandao umekufa, dada yangu," ilisema sauti mlangoni. Asali alikuwa kaegemea kizingiti, mikono mfukoni, marashi yametangulia mbele yake. "Pole. Mambo ya mitambo haya."

Mama Kisu hakugeuka. Alikuwa hajamwambia mtu kwamba ukurasa umekataa.

"Umejuaje, kaka?"

"Nimekuona uso ulivyokunjamana." Akacheka. "Usijitese. Lori likishajaa nitapiga muhuri, wewe utaingiza zuio lako kesho, kila mtu na amani yake."

"Kesho watu watakuwa wameshakula."

"Watu wamekula mangapi, dada yangu, na wapo."

Aliposema hivyo alikuwa anachokonoa jino kwa kijiti, akakitoa, akakitazama kilichoshika, akakirudisha mdomoni. Mama Kisu akainamisha kichwa kwenye simu yake ili asione tena.

Alimpigia mkwewe. Ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta za ofisi za mifugo, na ndiye aliyeiwekea mashine ile mfumo uitwao Linux, akisema haina gharama ya leseni na wenye virusi hawaizoei. Mkwe alikuwa na adabu ya kusifiwa na majirani. Hakuwahi kumkatia kauli mama wa mkewe, hakukaa kabla yeye hajakaa, hakukata simu mpaka yeye akate. Kila mwisho wa juma alifika na nyama laini imefungwa vizuri, akaitoa kwa mikono miwili: "Kidogo tu cha kukusabahi, Mama." Kasoro yake ilikuwa moja, tena ya kuchekesha. Alipenda kubandika vipande vya plasta kwenye kila waya aliougusa na kuandika juu yake kwa herufi ndogo: usiguse. Nyumbani kwake hata kamba ya pasi ilikuwa nayo. Mkewe, binti wa Mama Kisu, alizoea kusema, "Mama, siku moja nitaamka nikute kanibandika usoni."

Simu iliita mara moja tu, ikapokelewa, kama vile ilikuwa tayari kiganjani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtandao umegoma, na nina zuio la haraka. Ingia huko huko uliko unitazamie."

Siku nyingine ndivyo alivyofanya: mshale unaanza kutembea wenyewe kwenye skrini, printa inapona, mtu hajagusa kiti.

"Pole sana, Mama. Mtandao ukiwa umekufa nami siwezi kuingia. Kwa heshima yako, Mama, ningeomba tuanze chini kabisa. Kama utaweza kutazama kebo nyuma ya mashine, imekaa sawasawa?"

Mashine ilikuwa sakafuni, chini ya meza, ukutani kabisa. Mama Kisu alipiga magoti, akaingia kwa mikono kama mtoto anayetambaa.

Kwa miaka aliyofanya kazi ya kupasua matumbo ya ng'ombe alidhani hakuna uchafu uliobaki wa kumshtua. Chini ya meza ile hapakuwahi kupita ufagio. Mavi ya panya yalitapakaa kama punje. Mende aliyekufa alikuwa anabebwa na sisimizi, mwingine hai alipita juu ya mkono wake taratibu, kama mwenye nyumba. Kebo ilikuwa na utando wa mafuta ya ng'ombe yaliyoganda, alama za vidole vya watu wanaotoka ukumbini bila kunawa, na juu ya mafuta nywele zilikuwa zimenata. Kiganja chake cha kushoto kikatua kwenye kitu laini chenye ubaridi. Hakutaka kujua ni nini. Akakifuta kiganja kwenye koti, akajichukia kwa kulichafua koti.

"Kuna taa pale inapochomekwa, Mama?"

"Ya kijani. Inapepesa."

"Basi ni dalili nzuri. Ila ingekuwa vyema, Mama, ukaichomoa ukaifuta, ukaichomeka tena. Na upande wa pili nao, kule kwenye ruta, samahani sana kwa usumbufu."

Ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, ilikuwa kwenye chumba cha ngozi. Mtu mmoja zamani aliona kule ndiko penye msumari mzuri, akaining'iniza. Mama Kisu akavuka ua. Ngozi mbichi zilirundikwa mpaka kifuani, chumvi imeyeyuka ikawa maji ya kahawia sakafuni, na ndani ya maji yale funza walikuwa wakijinyonganyonga. Alikanyaga. Akasikia wakipasuka chini ya buti, sauti ndogo ndogo, akabana pumzi. Ruta ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki isirushiwe maji, nao mfuko ulikuwa wa utumbo, bado una utelezi ndani. Taa zake zote zilikuwa zinawaka. Akachomoa, akafuta, akachomeka.

Alipotoka ndipo alipoona. Lori lilikuwa limeshaegeshwa kinyumenyume jukwaani, na wapakiaji walikuwa wanabeba mabegani. Nusu ya ng'ombe mzuri. Nusu ya ng'ombe mzuri. Kisha nusu nyeusi, katikati ya nzuri, ili zifuatane.

Akamwendea mlinzi wa geti, mzee mmoja aliyeitwa Kofia kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi.

"Kofia, lori lile lisitoke. Wamepakia mizoga."

Kofia akatema pembeni kwa kinyaa, akasogeza kofia. "Mama, mimi ni geti. Geti linafunguliwa na karatasi yenye muhuri, linafungwa na ujumbe wa makao makuu. Leo nikimzuia Asali kwa maneno yako, kesho geti lina mlinzi mwingine, na huyo hata salamu hatakupa. Niletee ujumbe tu. Ujumbe ukiingia, nitalala chini ya tairi."

"Utalala?"

"Na kukoroma nitakoroma."

Akarudi ofisini mbio mbio, buti zikiacha alama za maji yale ya ngozi. Asali alikuwa ameondoka. Marashi yake yalikuwa yamebaki kwenye kiti. Simu alikuwa hajaikata, na mkwe alikuwa bado anangoja, kwa adabu.

"Nimefanya yote. Haijafunguka."

"Pole, Mama. Labda sasa tuzime mashine kabisa, tuiwashe tena. Halafu tuipe muda kidogo, ipoe."

Akaizima, akaiwasha. Mashine ile ilikuwa ya zamani na haikuwa na haraka na mtu. Alisimama mbele yake akisikia nje mlango wa lori ukigongwa, wapakiaji wakitaniana, mmoja akisema leo hospitali watakula mpaka wapone. Wakacheka. Watu wenye mama zao, wenye wake wanaojifungua kule kule.

Ilipowaka, ukurasa ukakataa vilevile.

"Tuangalie kadi ya mtandao, Mama. Fungua lile dirisha jeusi, uandike ip, uache nafasi, uandike a."

Akaandika kwa kidole kimoja. Mistari ikashuka. Alijua pa kutazama, maana mkwe huyuhuyu ndiye aliyemfundisha siku alipoileta mashine. Alimwambia mtandao una viungo vyake, unakaguliwa kutoka miguuni kwenda kichwani, na Mama Kisu alifurahi kusikia hivyo, akavishika kwa mpigo mmoja kama alivyovishika vya ng'ombe: kebo, kadi, namba, ruta, nje, jina.

"Kadi iko juu," alisema. "Na namba inayo."

"Vizuri sana, Mama. Basi igongee ruta hodi, kwa ping na namba ya ruta."

Akagonga. Ruta ikaitika, mstari baada ya mstari, bila kukosa.

"Inaitika."

"Aa." Mkwe akakohoa. "Basi… basi labda turudie ile kebo, Mama, wakati mwingine huwa inalegea."

"Kebo nimeifuta mpaka imetakata, na ruta imeitika kupitia kebo hiyohiyo. Naenda nje." Aliikumbuka namba ya nje aliyopewa siku ile ya mafunzo, kwa kuwa ilikuwa nyepesi, ya kujirudia. Akaigonga. Nje nako wakaitika.

Mama Kisu akakaa kitini, juu ya marashi ya Asali, bila kujali. Akatazama mistari ikishuka. Mtandao haukuwa umekufa. Haukuwa hata na mafua. Na mwanamume aliyemwambia hawezi kuingia kwa kuwa mtandao umekufa alikuwa bado yuko sikioni.

"Nje wanaitika, mwanangu."

"Alhamdulillahi… ndiyo, Mama. Basi hapo tumemaliza. Tatizo si la kwako, ni la makao makuu kwenyewe. Ni la kusubiri tu, Mama. Ni kupumzika tu, ukanywa maji."

"Bado jina."

Kulikuwa na sauti ya feni upande wa pili, na mtu akipumua.

"Jina si lazima, Mama."

"Ulinifundisha wewe. Kebo, kadi, namba, ruta, nje, jina. Umenitambaza chini ya meza, umenikanyagisha funza, umenirudisha kwenye kebo mara mbili. Jina ndilo peke yake unaloliruka."

"Si kwamba naliruka, Mama, ila…"

Mtu mwingine angekata simu. Mtu mwingine angesema acha. Mkwe hakuwa na neno acha la kumwambia mama wa mkewe; hakulelewa nalo, na mdomo wake haukuweza kulitunga pale kwa ghafla. Akabaki na ila yake imening'inia.

Mama Kisu aliandika ping na jina la makao makuu, akaligonga. Jibu lilikuja mara moja, upesi kuliko hata ruta iliyokuwa ng'ambo ya ua.

"Wamejibu upesi mno hawa," alisema. "Wanasema ni mia moja ishirini na saba, sifuri, sifuri, moja. Hao ni nani?"

"Hiyo… hiyo ni namba ya mashine yenyewe, Mama. Kila mashine hujiita hivyo."

"Yaani mimi nauliza makao makuu, kompyuta inajitazama tumboni inasema ni mimi hapa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na nani kaiambia hivyo?"

"Kuna… kuna faili la majina, Mama. Linasomwa kabla ya kuuliza nje."

"Nionyeshe."

Akamtajia, herufi kwa herufi, sauti ikizidi kushuka mpaka akawa kama mtu anayeungama kitandani. Faili likafunguka. Lilikuwa fupi. Chini kabisa, baada ya mistari iliyokuja na mashine, palikuwa na mstari mmoja uliosema makao makuu yako hapahapa ndani. Juu yake, baada ya alama ya reli ambayo mashine huiona ikajua hayo ni maelezo tu, palikuwa pameandikwa kwa herufi ndogo: usiguse.

Mama Kisu alisoma neno lile. Akalisoma tena. Aliliona kwenye kamba ya pasi, kwenye waya wa redio, kwenye plagi ya friji yake mwenyewe jikoni. Neno la siri la mashine ile walikuwa nalo watu wawili, yeye mwenye ofisi na aliyeiweka.

Alichohisi hakikuwa hasira. Hasira ina moto, na moto una usafi wake. Hiki kilikuwa kama pale kiganja kilipotua kwenye kitu laini chini ya meza, isipokuwa sasa alikuwa anakijua.

"Mama," mkwe akasema haraka, "naomba niutoe mwenyewe. Naingia sasa hivi kutoka huku, Mama, dakika haipiti."

"Usiguse," alisema Mama Kisu.

Nje injini ya lori ikawaka.

"Nikitaka mstari huu ubaki unasomeka, lakini usifanye kazi, nafanyaje?"

Mkwe akamjibu. "Unaweka… alama ya reli mbele yake, Mama. Kama ile ya juu."

"Na kufungua faili niandike ndani yake?"

Akamwambia. Hakumdanganya hata herufi moja. Alimwambia aanze na sudo, neno la kuombea ruhusa, alimwambia jina la programu ya kuandikia, alimwambia namna ya kuhifadhi na kutoka, na kila sentensi akaimalizia na Mama. Mama Kisu kwanza akaupiga picha ule mstari kwa simu yake, simu ikiwa bado hewani, kama anavyokata kipande cha ini na kukitia kwenye chupa kabla ya kulitupa. Halafu akaandika neno la siri, akaweka alama, akahifadhi. Akagonga jina. Safari hii jibu lilichelewa kidogo, kama linalotoka mbali kweli, na namba ilikuwa nyingine.

Ukurasa ukafunguka.

Aliingiza zuio vidole vikiteleza kwa mafuta ya kebo: mizoga miwili, nusu nne, lori lipo, mzigo wa hospitali. Chini palikuwa na nafasi iliyouliza kama kulikuwa na sababu ya kuchelewa. Hapo mkono ukasimama.

Alimwona binti yake, tumbo limeanza kuonekana, akicheka juu ya plasta ya usoni. Akawaona pia wale wazee wasio na meno, mchuzi mbele yao, kijiko kinatetemeka. Akaandika: mstari umewekwa kwa makusudi kwenye mashine hii kuzuia mkaguzi. Akaandika aliyeuweka, kwa jina lake kamili na la baba yake. Akabandika picha. Akatuma.

Lori lilikuwa limefika getini, Kofia karatasi ya muhuri mkononi, mkono mwingine kwenye komeo. Simu yake ikalia mfukoni. Akaitoa, akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho, kisha akafunga komeo, akakunja karatasi ya Asali akaitia ndani ya kofia, na akaenda kuketi chini mbele ya tairi, miguu kainyoosha.

"Toka, mzee!" dereva alipiga kelele. "Nina mzigo!"

"Nina ujumbe," Kofia akajibu. "Subiri nianze kukoroma."

Asali alikuja ofisini bila tabasamu, na bila tabasamu sura yake ilikuwa ndogo na yenye mafuta. Alitazama skrini, akamtazama Mama Kisu. Mdomo wake ulijaribu utamu, ukashindwa.

"Umejimaliza mwenyewe, dada yangu. Mimi nitapata pa kwenda. Wewe utakwenda kwa binti yako ukamwambie nini?"

"Hilo si lako."

"Halafu unajifanya msafi." Akainama karibu, marashi, na chini ya marashi, ile harufu. "Muulize mkweo zile nyama za kila wiki anapewa na nani. Umekula kutoka mkono wangu mwaka mzima, na kuuombea umeuombea."

Akatoka. Mama Kisu alikaa kidogo. Kisha akasimama, akafika kwenye sinki la ua, akatapika, mara moja, yote. Wachinjaji waliokuwa wananawa wakasogea kumpisha. Mmoja akamfungulia maji.

Alingoja mpaka watu wa makao makuu wakafika na zile nusu nne zikamwagiwa mafuta ya taa mbele ya macho yake. Ndipo akaenda nyumbani.

Jua lilikuwa bado lipo. Akafungua friji, akatoa kifurushi cha juzi, akakifungua mezani, akachomoa kisu kiunoni. Aliikagua ile nyama kama angekagua ya mtu yeyote. Rangi nzuri. Mafuta meupe. Damu imetoka sawasawa. Ilikuwa nyama safi, sehemu bora kabisa ya ng'ombe, ile ya mgongoni ambayo hata yeye hajawahi kuinunua. Hapo ndipo kinyaa kilipomshika kuliko kwenye reli, kuliko kwenye funza. Angeikuta mbovu angejua naye alidhulumiwa. Walimchagulia nzuri. Nzuri ilikuja kwake kwa mikono miwili, na nyeusi ikaenda kwa wagonjwa, na yeye alikuwa akiinamisha kichwa juu ya sahani akimshukuru Mungu kwa mkwe mwema.

Aliitoa nje, akaimwagia mafuta ya taa, akaifukia. Akarudi, akachomoa friji, akabandua ile plasta ya usiguse kwenye plagi. Gundi ikabaki kwenye vidole. Akachukua maji ya moto na sabuni, akaanza kusugua friji ndani, rafu kwa rafu, bila kuruka.

"Hodi, Mama."

Alikuwa mlangoni. Mikono mitupu leo, imefumbatana mbele.

"Shikamoo, Mama."

Mama Kisu aliendelea kusugua. Maji yalikuwa ya moto sana, lakini gundi haikutoka. Ilikuwa inajiviringa tu na kunata kidole kingine.

"Mama, wamenipigia kutoka makao makuu. Wananiita kesho. Mama, nilidhani ni ng'ombe wa homa tu, Asali aliniambia ni homa… Mke wangu hajui. Nimekuja nikuombe…" Akakatiza. Mtu hawezi kuomba kabla salamu haijajibiwa, na yake ilikuwa bado hewani, haijapokelewa. Akaanza upya, kwa sauti ya chini zaidi. "Shikamoo, Mama."

Hakujibiwa. Kuingia asingeweza bila kukaribishwa. Kuondoka asingeweza bila kuruhusiwa. Alisimama palepale kizingitini, kichwa kainamisha, adabu yake yote imemsimamia shingoni, na Mama Kisu akatoa rafu ya chini, ile iliyokuwa ikikaa nyama, akaigeuza, akaanza kusugua upande wa nyuma.